Mgonjwa Aliyesalimiwa Vizuri

Jumatatu, 2 Mei 1977

Bendeji kumi na mbili. Jana nilizifua, zikakauka juu ya ua, leo nimezikunja. Mganga Festo ananiruhusu kuja zahanati kila asubuhi. Nafagia, nachemsha sindano, nakunja bendeji. Bado si kazi. Nadhani ananihurumia. Lakini napenda harufu ya spiriti asubuhi, na napenda kabati likiwa limepangwa.

Wiki tatu sasa tangu matokeo. Nimefeli. Naliandika neno hapa ili nilizoee. Nimefeli mtihani wa cheti cha huduma ya kwanza kule Kibondo. Wa kuandika nilipata vizuri, nilikuwa wa pili. Vitendo ndivyo vilivyoniangusha.

Kurudia ni mara moja tu. Tarehe kumi na moja Juni. Mwezi Julai zahanati yetu inapata gari la wagonjwa, na gari linataka mtu wa kukaa nyuma na mgonjwa hadi Kasulu. Mganga Festo ameandika jina langu kwenye karatasi yake, kwa penseli. Nikifeli tena atalifuta, ataandika la mtu mwingine. Aliniambia hivyo bila ukali. Kalamu ya wino anayo mfukoni. Nimeiona.

Jumatano, 4 Mei

Naandika jinsi ilivyokuwa. Mara moja, basi.

Mgonjwa wa mtihani alikuwa Mzee Bukuru, mlinzi wa hospitali. Walimlaza kwenye majani, wakampaka rangi nyekundu pajani. Kifuani alikuwa na karatasi: ameanguka kutoka kwenye lori, mkono wa kulia umevunjika, damu inatoka nyingi. Sista Bernadeta, msimamizi aliyetoka Kigoma, akatazama saa yake. Akasema anza.

Mimi sikuona damu. Niliona mzee mwenye mvi amelala mbele yangu. Magoti yakaenda chini. Viganja vikaanza kupiga makofi polepole, kama nilivyofundishwa tangu sijaota meno. Mwakeye, nikasema. Kwetu humgusi mzee ambaye hujamwamkia. Huko ni kumkamata kama mbuzi.

Naye ni Muha kama mimi. Akainuka akakaa. Mkono uliovunjika ukapiga makofi pamoja na ule mzima. Akanijibu. Akauliza habari za nyumbani, nikamjibu, nikauliza za kwake. Akauliza kama upande wetu wa Titye mvua imenyesha. Nikamwambia imenyesha. Tukaenda kwa watoto, tukaenda kwa mbuzi, tukafika kwenye maharage. Niliponyosha mkono kuchukua bendeji Sista akasema, "Basi, binti. Huyu ameshakufa."

Wenzangu walicheka. Mzee Bukuru peke yake hakucheka. Alimwuliza Sista kama haiwezekani afe baadaye kidogo.

Kwenye karatasi yangu iliandikwa: Dakika nne kwa maamkizi. Mgonjwa amefariki.

Zuhura alinifuata nyuma ya jiko la hospitali. Tulisoma naye mafunzo yote, tukalala chumba kimoja. Baba yake ana duka Kasulu. Yeye alifaulu. Akaniambia, "Usilie, shoga. Angalau mgonjwa wako kafa kasalimiwa vizuri." Nikacheka huku nalia, makamasi yakanitoka. Nilimchukia kidogo. Sasa simchukii.

Ijumaa, 6 Mei

Mganga Festo ametoa dawa. Nikate salamu. Kabisa. Nikifika kwa mgonjwa ni pumzi, damu, mifupa, kwa mpangilio huo, na mdomo nifunge. Amesema mwenye kutoka damu hana haja ya kujua mbuzi wangu wanaendeleaje.

Ni kweli. Lakini ni rahisi kwake, yeye haoni haya. Mimi nikikutana na mtu sijui la kusema, ila salamu naijua yote mwanzo hadi mwisho. Kwangu salamu ni mlango. Sijui kuingia kwa mtu kupitia dirishani.

Nitajifunza.

Jumamosi, 7 Mei

Nimeanza mazoezi na Mama. Amelala kwenye mkeka, mimi natoka jikoni mbio, napiga magoti, nashika mkono, nafunga. Sisemi kitu.

Mara ya kwanza Mama alikataa. "Unanikamata hivyo kwani nimeiba?" Mara ya pili alikubali. Mara ya tatu nilipomaliza kufunga vibao viwili kwenye mkono wake nikakuta amelala usingizi wa kweli. Sikumwamsha. Tangu asubuhi alikuwa anapura maharage. Nilikaa pale pembeni nikasoma kitabu changu cha mafunzo mpaka akaamka mwenyewe, akashangaa mkono wake umekuwa mgumu kama mchi.

Tulicheka sana. Siku nzuri.

Jumapili, 8 Mei

Baada ya kanisa nimepita kwenye kaburi la Shangazi Maria. Nimeng'oa majani.

Sijamwambia mtu kwa nini nataka cheti hiki. Wanadhani ni kwa sababu ya gari. Shangazi alibebwa kwa machela kutoka hapa kwenda Kasulu baada ya kujifungua. Nilikuwa darasa la tano. Wanaume wanne, na wanne wengine wa kupokezana. Watu wazuri, walikimbia mpaka miguu ikachubuka. Katika wote wanane hakuna aliyejua kitu kingine cha kufanya zaidi ya kukimbia. Alifia njiani, mahali ambapo barabara inashuka kwenye mto.

Sijui kama mimi ningemwokoa. Kitabu kinasema mambo mengine hayaokoki njiani. Lakini angekuwa na mtu pembeni yake, siyo nyuma na mbele tu.

Jumanne, 17 Mei

Siku kumi bila salamu katika mazoezi. Nimekuwa mwepesi. Mganga Festo amenipima kwa saa yake: mkono uliovunjika na damu ya paja, dakika tatu. Amesema vema. Amesema vema mara mbili.

Asubuhi ni baridi sasa. Ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne. Tunakula maharage mapya na mawese. Sina la kulalamikia.

Alhamisi, 19 Mei

Aibu.

Leo alikuja bibi mmoja kutoka kijiji cha pili, ana jipu bichi mguuni. Mganga Festo alikuwa na mgonjwa mwingine, akaniambia nimwoshe. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa kujaribu. Nikaenda moja kwa moja. Nikachuchumaa, nikashika mguu, nikafungua kile kitambaa.

Alivuta mguu kama ameumwa na siafu. Akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwa wanaosubiri, "Huyu ni mtoto wa nani, hana mdomo? Kwao hawaamkiani asubuhi?"

Nje walicheka. Nikamwamkia, lakini salamu ya kuchelewa ni mbaya kuliko kutosalimu. Hakunipa tena mguu. Alimsubiri Mganga.

Kwa hiyo nikisalimu mgonjwa anakufa, na nisiposalimu mgonjwa anakimbia. Nimekwenda nyuma ya zahanati, nimekaa juu ya ndoo. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na sijui ni ya nani.

Jumapili, 22 Mei

Nimekwenda Titye kwa Bibi, mama yake Baba. Nilimweleza habari ya yule mwenye jipu. Nilitaka anihurumie. Hakunihurumia. Alisema yule mama alikuwa na haki, mguu wake ni wake, aliyekuja kuushika alipaswa kujitambulisha.

Nikamwuliza, na kama anatoka damu? Bibi aliendelea kumenya muhogo. Akasema yeye hajawahi kutoka damu nyingi kiasi cha kusahau nani yuko mbele yake.

Nimerudi na muhogo, kikapu kizima. Jibu sikurudi nalo.

Jumamosi, 28 Mei

Mwandiko ni mbaya leo.

Saa nne asubuhi. Watu karibu wote walikuwa kwenye shamba la kijiji. Mganga Festo amekwenda Kasulu kuchukua dawa. Nilikuwa nakunja bendeji. Nikasikia mwanamke anapiga kelele upande wa kwa Mzee Ruhaga, balozi wetu wa nyumba kumi. Nikachukua bendeji zote na kitambaa cha pembe tatu, nikakimbia.

Alikuwa anachonga nguzo. Panga limeteleza, limeingia mguuni chini ya goti. Damu nyingi, nyekundu sana, inaruka. Amekaa chini, ameegemea rundo la nguzo. Mkewe amesimama, mikono kichwani.

Mzee Ruhaga ni mkubwa kuliko Baba. Ndiye aliyetugawia kiwanja tulipohamia kijijini. Sijawahi kumtazama machoni. Nilipofika mbele yake nilisahau mazoezi ya siku zote. Magoti yakaenda chini yenyewe.

Na nilipokuwa chini kwa magoti nikaona kwamba niko mahali penyewe. Jeraha lilikuwa hapa, mbele ya mikono yangu. Mikono ilikuwa imeshainuka kupiga makofi. Ikakutana juu ya kitambaa, juu ya damu, ikakandamiza. Mdomo ukasema mwakeye.

Akajibu.

Nikakandamiza zaidi. Nikauliza habari za nyumbani. Akajibu, nzuri. Nikamwambia mkewe auinue mguu, auweke juu ya nguzo. Nilimwamuru. Mimi! Nikauliza habari za watoto. Akajibu, lakini taratibu. Nikauliza habari za ng'ombe. Mzee huyu ng'ombe wake anawapenda kuliko hata siasa, na jibu halikuja. Nikasubiri. Likaja nusu.

Hapo nikajua. Kitabu kinasema mgonjwa anayepungukiwa damu hujibu polepole, akili inaondoka. Sikuisoma kwenye kitabu. Niliisikia kwenye salamu. Nikamlaza chali, miguu juu, kanga ya mkewe na yangu nikamfunika. Bendeji saba, moja juu ya nyingine, bila kuondoa ya chini. Sikuondoa mkono. Nikaendelea kumsalimu. Nilimsalimu mpaka mbuzi wakaisha, nikaanza upya na ng'ombe. Akarudi. Akanijibu kwamba yule mwekundu anakaribia kuzaa.

Vijana wa shambani walifika na machela. Nilitembea pembeni yake, mkono juu ya mguu, mpaka barabarani. Lori la kahawa likatuchukua mpaka Kasulu.

Sina nguvu ya kuandika zaidi. Gauni langu halitatakata tena. Sijali.

Jumapili, 29 Mei

Amepona. Yaani hajafa. Wamemshona, wamemwongezea damu ya mwanawe.

Mganga Festo alikuwa hospitali ya Kasulu tulipofika jana, aliona mguu kabla haujafunguliwa. Leo ameniuliza nilifanya nini, kwa mpangilio. Nikamweleza yote, pamoja na salamu. Nilitazama sakafu. Akasema, "Kumbe mikono na mdomo si mtu mmoja. Mdomo usalimu, mikono ifunge."

Lakini akaniambia pia kwamba Sista Bernadeta si Muha. Kigoma ni kazini tu, kwao ni mbali, hajui mambo yetu. Atakaposikia salamu atatazama saa, na jina langu linalo alama tayari. Mtihanini ni salama zaidi kunyamaza. Amesema niamue mwenyewe, yeye hatanilazimisha.

Afadhali angenilazimisha.

Jumanne, 7 Juni

Kesho safari. Nimefua, nimepiga pasi. Mama amenifungia karanga na muhogo wa kuchemsha. Alijilaza mwenyewe kwenye mkeka bila kuombwa. "Haya, nimeanguka kwenye lori. Njoo." Nikamfunga mkono huku nikimsalimu. Alijibu yote. Safari hii hakulala.

Bado sijaamua.

Jumatano, 8 Juni

Kasulu, kwa kina Zuhura. Duka linanuka mafuta ya taa, sabuni na vitambaa vipya. Mama yake ni mtu wa Ujiji, anaongea Kiswahili kinachoteremka kama maji. Mimi changu kina mawe. Lakini kanipa chai ya tangawizi, akaniita mwanangu.

Zuhura sasa yuko hospitali hapa, anavaa gauni jeupe. Ameshasikia habari ya Mzee Ruhaga, mji mzima umesikia. "Eti ulimsalimia mpaka damu ikaona haya ikaacha kutoka." Nikamweleza shida yangu. Mara hii hakutania. Akasema kwa Sista usicheze, Skola, yule anatazama saa kama wenzake wanavyotazama msalaba. Nyamaza, upate cheti, salamu utawapa watu baadaye.

Wawili wameniambia ninyamaze. Wote wananipenda.

Ijumaa, 10 Juni

Kibondo. Anayerudia hurudia yote, kwa hiyo leo nimefanya mtihani wa kuandika; vitendo ni kesho. Nimejibu yote. Swali la nne lilikuwa juu ya dalili za kupungukiwa damu: ngozi baridi, mapigo ya haraka, kujibu polepole. Kalamu ilisimama pale kwenye kujibu polepole. Nikajiuliza, atajibuje mtu ambaye hakuulizwa?

Nimeamua.

Naogopa, lakini chakula kimeshuka vizuri.

Jumamosi, 11 Juni

Niliitwa wa sita. Majani yale yale. Mzee Bukuru yule yule, amepakwa rangi mguu mzima, anaonekana amefurahia. Aliponiona macho yalimng'aa. Nikaogopa zaidi.

Sista akatazama saa. Anza.

Magoti chini, karibu na paja. Mikono kwenye damu. Mwakeye, Mzee. Nikasikia kalamu ya Sista inaandika. Nikaendelea. Mzee Bukuru akajibu, akaanza kuinuka, mikono miwili tayari kupiga makofi. Ule wa kulia ndio uliovunjika.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikamwambia, "Lala, Mzee. Makofi nitapiga mimi siku nyingine kwa ajili yetu wote. Mkono huu leo ni wangu." Akalala. Nikafunga paja. Nikauliza habari za nyumbani, akajibu, nikaweka vibao kwenye mkono. Nikauliza za watoto, akajibu. Nikauliza habari za maharage.

Kimya.

Nikauliza tena. Kimya. Macho yamefumba. Sista alikuwa amemwambia afanye hivyo, lakini mimi sikujua. Wengine watano kabla yangu, nimesikia baadaye, waliendelea kufunga mkono mpaka wakamaliza. Mimi nikaacha mkono. Nikainamisha sikio kwenye pua yake. Nikasikiliza pumzi, nikaikuta. Nikainua miguu yake juu ya sanduku, nikamfunika, nikaita machela. Halafu ndipo nikarudi kwenye mkono.

Sista akasema basi. Akaja akasimama juu yangu. Akauliza nilijuaje kwamba amezimia.

Nikasema, hakunijibu maharage.

Alinitazama. Na mimi nilimtazama. Macho kwa macho, nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kwa mtu mzima. Akaandika kitu. Sikukiona.

Nilipokuwa natoka getini Mzee Bukuru alikuwa ameshafika kwenye kiti chake cha ulinzi, mguu bado mwekundu. Akaniita. Akapiga makofi, polepole, kwa mikono yote miwili. Akasema maharage ni mazuri, Mungu ametusaidia, tumevuna magunia.

Jumapili, 12 Juni

Wamebandika majina ya waliofaulu. Langu lipo. Nimelisoma mara tatu, na mara ya nne nimelisoma kwa kidole.

Pembeni ya jina Sista ameandika maneno machache: Aliendelea kuzungumza na mgonjwa. Vizuri.

Kusalimu, yeye anakuita kuzungumza. Sawa.

Jumatatu, 20 Juni

Jina langu kwenye karatasi ya Mganga Festo sasa ni la wino. Gari bado halijafika. Cheti Mama amekitia kwenye sanduku la nguo, chini kabisa, kisipate moshi.

Bendeji kumi na mbili. Zile saba za Mzee Ruhaga hazikutakata, tumepewa mpya.

Saa tatu alikuja Bibi, kwa miguu, kutoka Titye. Nilidhani anaumwa. Haumwi. Amekuja kuona mahali ninapofanya kazi. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akapumua.

Nikaweka chini bendeji. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikamwamkia. Akajibu. Tukauliza nyumba, tukauliza watoto, mbuzi, muhogo, mvua iliyokwisha na jua lililoanza. Hakuna aliyekuwa anatoka damu. Tulisalimiana mpaka mwisho.